Mama, Wewe Kaa Nje

Barua ya Saulo ilifika parokiani Jumatatu, siku moja tu baada ya tangazo la pili la ndoa kusomwa. Jumanne saa nne asubuhi Veronika alikuwa ameshakalishwa mbele ya meza ya Padre Kasian, mumewe Tadeo kushoto kwake, binti yao Eveline kulia. Katekista Nashoni alisimama mlangoni kama mtu aliyetumwa kuzuia kuku wasiingie.

"Mama Eva," Padre alianza, "kuna mtu ameleta pingamizi."

"Nani huyo, Padre?"

"Ni wa familia. Ameandika jina lake wazi, kwa hiyo sina sababu ya kulificha. Saulo wa Kilolo."

Tadeo alivua kofia akaiweka magotini. Saulo alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Wiki iliyopita tu alikuwa amepiga simu kuahidi magunia mawili ya viazi vya harusi.

Padre alivaa miwani akasoma: "'Mimi nampenda sana mtoto wa kaka yangu. Lakini hasikii wala hasemi, na mwanamume anayetaka kumwoa yuko hivyo hivyo. Ndoa ni nini hajui. Hana akili ya kuapa. Mama yake ndiye anayemsemea kila kitu, na hata uchumba huu ni maneno ya mama yake. Naomba Kanisa lisimfunge mtoto kwa kiapo asichokielewa.'"

Veronika alisikia uso wote ukimwaka. Nje ya dirisha, akina mama wawili wa jumuiya yake waliokuwa wakisubiri kumwona Padre walikuwa wameacha kuongea. Alijua kabisa wanasikiliza, na alijua kufikia saa saba habari itakuwa imefika sokoni.

"Uongo mtupu! Yeye na huyo mchumba wake, Asukile, wamejuana wenyewe, kwenye semina ya vijana viziwi kule Uyole. Mimi nililetewa habari tu. Kijana anachomelea mageti, ana banda lake la kazi pale barabarani, ana kwao. Na huyu mtoto anaelewa kila kitu, Padre. Ana cherehani yake hapa Mlandege, anashonea shule tatu!"

"Sibishi, mama. Lakini pingamizi likishaandikwa siwezi kulikalia. Lazima nimsikie mwenyewe."

"Nitamsemea. Tangu ile homa ya uti wa mgongo impitie akiwa na miaka miwili, mimi ndiyo mdomo wake. Miaka ishirini na nne sasa."

Eveline alikuwa akitazama midomo yao, huu ukifunga, ule ukifunguka. Alinyoosha mkono, akaivuta ile barua, akaisoma polepole. Kidole chake kilisimama kwenye maneno "hana akili". Kilikaa hapo. Kisha akaikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile, akamrudishia Padre.

"Basi muulize swali moja tu," Padre alisema. "Kwa nini Asukile? Kwa nini huyu na si mwingine?"

Veronika alimgeukia binti yake, akainua mikono, na mikono ikakwama. Ishara ya kula alikuwa nayo, ya kulala, ya sabuni, ya mvua, ya twende kanisani. Hata Asukile alikuwa amemtungia ishara yake: kiganja machoni, kama mtu anayejikinga na moto wa kuchomelea. Lakini "kwa nini" hakuwa nayo. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza mwanawe kwa nini.

Akaweka kiganja machoni, akagusa kifua, akatupa mikono hewani. Eveline alikunja uso, akatazama mlango. Naye akaweka kiganja machoni, kisha akazungusha mikono miwili mbele yake na kutikisa kichwa.

"Anasema," Veronika alimgeukia Padre, "anasema ni kijana mwenye heshima, mcha Mungu."

Nashoni alitazama viatu vyake.

"Mama Eva," Padre alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma, "huo ulikuwa usukani wa gari. Amedhani unamuuliza kama Asukile anakuja leo."

*

Jioni ile, wakati Veronika akichambua mboga uani, Tadeo alimpigia mdogo wake simu akafungua spika ya simu.

"Umetuaibisha, Saulo."

"Kaka, nitukane tu. Lakini niambie ukweli. Siku wakipata mtoto, mtoto akalia, nani atamsikia? Mimi nimezika mtoto wangu kwa homa ya siku moja, tena nina masikio. Ninyi mnafikiria shela na keki."

Simu ikakatika, labda mtandao, labda Saulo mwenyewe.

Ndipo simu ya Veronika ikatetemeka mfukoni. Eveline alikuwa ameketi hatua nne kutoka alipo, anakata uzi kwa meno, lakini meseji ilikuwa yake. Meseji zake zilikuwa fupi siku zote, maneno yamepangwa kwa mpangilio wake mwenyewe, na nyingi zilikuwa za uzi, vifungo na mkaa. Hii ilisema: "Alhamisi ofisi kwa padre mimi peke yangu. Prisca mkalimani anakuja. Mama wewe kaa nje."

Veronika aliisoma mara tatu. Kisha akamwonyesha mumewe.

"Nimembeba mgongoni hospitali hadi hospitali. Nimegombana na walimu kwa ajili yake. Nimegombana na makondakta. Leo nikae nje?"

Tadeo, ambaye kazi ya useremala ilikuwa imemzoesha kupima kwanza, alirudisha simu taratibu.

"Mbele ya Padre tulikuwa ndani wote wawili," alisema. "Tulimsaidia nini?"

Veronika aliinama juu ya mboga zake. Alichambua mpaka majani mazima yakaanza kwenda kwenye takataka.

*

Alhamisi ukungu ulikuwa bado haujapanda kutoka bondeni walipofika. Kwenye benchi nje ya ofisi walimkuta Asukile na mama yake, Mama Esta, mfanyabiashara wa viazi wa soko la Uyole, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja. Walikuwa wametoka Mbeya kwa basi la usiku. Prisca, msichana mwembamba aliyevaa nguo nyeusi ili mikono yake ionekane vizuri, alisalimia kila mtu kwa heshima, akamshika Eveline mkono, wakaingia. Mlango ukafungwa.

Saulo alifika baada ya robo saa, ameitwa na Padre, vumbi la Kilolo kwenye viatu. Akaketi mwisho kabisa wa benchi. Hakuna aliyemsogelea.

Veronika hakujua aangalie wapi, ikabidi amwangalie Mama Esta. Mama Esta alikuwa akigombana na mwanawe kwa mikono. Mikono yao ilikwenda mbio, uso ukipanda na kushuka, mpaka Asukile akapiga paja lake kwa kicheko na mama yake akampiga kofi la mzaha begani.

"Mnasema nini?" Veronika aliuliza.

"Ananiambia nimevaa viatu vya msibani. Namwambia vya harusi atanunua yeye."

"Ulijifunzia wapi hayo?"

"Kwake mwenyewe, jioni jioni, nikiwa namenya viazi." Mama Esta alishusha sauti, jambo ambalo bila shaka hakulizoea. "Dada yangu, nilikaa miaka mitano nikimwonyesha sahani na kitanda tu. Siku moja nikaona mtoto anaongea na wenzake kama mvua, halafu akinigeukia mimi anakuwa mtoto mchanga. Nikaona mjinga hapa ni mimi."

Veronika alitaka kusema kitu, lakini kutoka ndani ya ofisi kikasikika kicheko. Kilikuwa cha Padre Kasian, kicheko cha mtu aliyeshtukizwa, kikafuatwa na kingine.

"Anacheka nini?" Saulo aliuliza.

Veronika alikuwa akiwaza kwamba katika maisha yake yote hajawahi kusikia mtu akichekeshwa na Eveline.

Mlango ulifunguka, wakaitwa wote. Padre alikuwa bado anafuta miwani.

"Nimemuuliza binti yenu lile swali la Jumanne. Nimemwomba ruhusa ya kulirudia mbele yenu, amekubali. Eveline, tafadhali."

Eveline alisimama. Mikono yake ikaanza kuongea, na Prisca, ameketi pembeni yake, akaitolea sauti.

"Siku tuliyokutana nilimsimulia Asukile kisa kirefu cha mwalimu aliyetaka nimshonee suti kwa siku moja. Alitazama mpaka mwisho. Halafu akaniambia nilikosea, ningemkatalia tangu mwanzo. Tukabishana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Nyumbani hakuna anayenibishia. Wananiitikia kwa kichwa, wanatabasamu, kisha wananishika mkono kunipeleka wanakotaka wao. Huyu nikikosea ananiambia nimekosea. Nikipatia anakasirika, lakini anakubali. Nataka kuzeeka na mtu wa namna hiyo."

"Na kiapo?" Padre alidokeza.

"Kiapo nakielewa. Ni kwamba siku nikimchoka sitaondoka, na yeye akinichoka hataondoka. Baba mdogo Saulo ameandika sina akili ya kuapa. Mwambieni aje nimshonee suruali, aone kama nitakosea kipimo."

Mama Esta aliangua kicheko. Saulo aliinamisha kichwa, lakini hakuwa mtu wa kuacha lililokuwa likimsumbua.

"Nimekosea neno hilo, Padre, naliondoa. Lakini swali langu liko pale pale. Mtoto akilia usiku?"

Prisca alimtafsiria Eveline kwanza, kisha yeye Prisca akaomba ajibu swali hilo kwa maneno yake mwenyewe.

"Baba, mimi nimezaliwa na viziwi, baba na mama wote wawili. Mama alikuwa anafunga kipande cha khanga mguuni kwangu, ncha ya pili mkononi kwake. Nikijitikisa tu, yeye ameshaamka. Tuko watano, na wote tumekua. Wewe mwenye masikio, ni mara ngapi mtoto amelia ukajifunika blanketi ili mama yake aamke?"

Saulo alifungua mdomo, akamtazama kaka yake, akamtazama Padre. "Mara nyingi," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Aliomba kalamu. Akaandika nyuma ya barua yake mwenyewe kwamba anaondoa pingamizi, akaweka sahihi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Watu wakaanza kunyanyuka. Eveline akagonga meza kwa vidole, wote wakageuka.

"Anasema," Prisca alimtazama Veronika, "kama mama ana swali kwake, aulize sasa. Leo yuko mtu wa kutafsiri."

Veronika alisimama katikati ya ofisi ile na mkoba wake mkononi. Maswali yalikuwa mengi mno, yakagombania mlango. Lililotoka lilimshangaza hata yeye.

"Muulize, siku ile nilipomwacha shule ya bweni, ana miaka saba. Alining'ang'ania getini, mikono yake inakwenda, inakwenda. Alikuwa ananiambia nini?"

Eveline aliusoma mkono wa Prisca. Akamgeukia mama yake.

"Siku ile sikuwa nasema chochote. Sikuwa na neno hata moja. Nilidhani umenitupa. Halafu kule nikapata maneno. Likizo ulipokuja kunichukua nilikueleza yote, njia nzima ndani ya basi. Chakula, baridi, rafiki zangu, nilivyokukumbuka. Wewe ulidhani nina njaa. Ukaninunulia andazi."

Veronika aliliona andazi lile, na karatasi lilimofungwa, na mtoto aliyelipokea akanyamaza. Alivuka ofisi akamkumbatia binti yake, na alipomwachia alimgeukia Prisca.

"Harusi ni siku tisa zijazo. Ukinifundisha kila siku, nitajua nini?"

"Kidogo sana, mama."

"Nianzie hapo."

*

Eveline aliibuka kuwa mwalimu mkali. Prisca alifundisha, lakini Eveline ndiye aliyesahihisha, na alisahihisha kwa kuvinyoosha vidole vya mama yake kama mtu anayenyoosha kitambaa chini ya sindano. Veronika alijifunza akisonga ugali, akajifunza akifagia, akajifunza akiwa foleni ya maji, watu wakimtazama. Kosa moja la kidole gumba na "mkwe" aligeuka kitu ambacho Prisca alikataa kukitafsiri.

Jumapili tangazo la tatu lilisomwa. Padre aliuliza kama yupo anayejua kizuizi, akasubiri, akasubiri tena kwa makusudi, huku akiwatazama wale akina mama wawili wa dirishani. Kanisa likakaa kimya.

Jumatatu kamati ya harusi ilikutana sebuleni kwa Tadeo. Mpaka siku hiyo kamati ilikuwa imepanga kila kitu: kwaya, keki, ukumbi, sare za zambarau. Mwenyekiti, Mama Helena wa jumuiya, alikuwa anasoma orodha alipoona Eveline ameinua mkono. Alimtabasamia kama mtu anavyomtabasamia mtoto wa mgeni, akaendelea kusoma.

Veronika alisimama.

"Mama Helena, bibi harusi ana la kusema."

"Sawa, Mama Eva, wewe tuambie tu."

"Mimi sijui anataka kusema nini. Ndiyo maana nataka kumsikia."

Prisca akasogea mbele. Eveline alisema zambarau inamfanya aonekane mgonjwa, na kwamba vitambaa vya kijani atashona mwenyewe. Alisema keki ya ghorofa tano hataki, ghorofa mbili zinatosha. Alisema viti vya mbele kanisani, upande wa kushoto, ni vya wageni wake viziwi arobaini, kwa sababu wakiketi nyuma ya nguzo harusi hawataiona. Mwisho alisema spika kubwa ziwekwe karibu na meza zao ukumbini, wapate kuusikia mtetemo miguuni, maana nao wanakuja kucheza.

Mama Helena alichukua kalamu, akakata mstari mmoja, wa pili, wa tatu. "Zambarau nilichagua mimi," alisema kwa unyonge. "Dada, kwani siku zote una maneno mengi hivi?"

Prisca akatafsiri. Eveline akajibu, na sebule nzima ikapasuka kwa kicheko: "Nimeyaweka akiba miaka ishirini na nne."

*

Jumamosi jua lilitoka mapema, jua lile la Julai linalong'aa bila kupasha joto. Kosta mbili ziliingia kutoka Uyole zikipiga honi, moja imejaa wanawake wa soko la viazi, nyingine imejaa vijana ambao hawakusikia honi hizo na walikuwa wakiongea kupitia madirishani na wenzao waliokuwa wakisubiri nje ya kanisa. Saulo alikuwa ametangulia. Magunia mawili ya viazi yalikuwa yamekuwa manne, na amevaa suruali mpya isiyo na dosari.

Kanisa lilijaa hadi nje. Eveline aliingia ameshikwa mkono na baba yake, na Tadeo, mtu aliyezoea kutembea akitazama chini, alitembea ametazama mbele. Asukile alisubiri ndani ya suti ya kijivu, mikono yake mikubwa yenye makovu ya moto ikifumba na kufumbua.

Ilipofika wakati wa maswali, Padre Kasian aliweka kipaza sauti pembeni. Watu walidhani kimeharibika. Lakini alikunja mikono ya kanzu, akainua viganja, na taratibu, kwa ishara alizofundishwa na Prisca juma zima, akawauliza yeye mwenyewe kama wamekuja kwa hiari yao. Mnong'ono ukapita kanisani kama upepo kwenye mahindi. Nashoni alisahau hata kugeuza ukurasa.

"Ndiyo," mikono minne ilijibu.

Kisha wakaapa. Prisca alisubiri mikono imalize kila fungu ndipo aitolee sauti, hivyo kanisa zima liliona kwanza, likasikia baadaye. Asukile aliapa kwa nguvu, kama mtu anayeunga chuma. Zamu ya Eveline ilipofika, alimtazama mumewe usoni akaanza. Taabu. Raha. Ugonjwa. Afya. Veronika, katika kiti cha mbele, aligundua kwamba hasubiri sauti ya Prisca. Alikuwa ameelewa "taabu". Alikuwa ameelewa "raha". Eveline alipofika kwenye "siku zote", duara lile kubwa la mkono, mama yake alilielewa kabla halijafunga, na machozi yakamtoka bila kujizuia.

Padre alipowatangaza mume na mke, vigelegele vilipasuka upande wa kulia. Upande wa kushoto mikono themanini ilipaa juu, vidole vikitikisika hewani, msitu mzima wa mikono. Mtu mmoja wa upande wa kulia aliinuka, akatazama kushoto, akaacha kupiga makofi, akainua mikono yake na kuitikisa vile vile. Alikuwa Saulo. Wanakwaya wakamfuata. Wanawake wa soko wakafuata, na akina mama wa jumuiya, na Mama Helena ndani ya kijani chake, mpaka kanisa lote likawa limenyamaza kimya, mikono juu, na Eveline katikati ya njia akageuka kuwatazama wote, mmoja mmoja, akicheka kwa sauti yake nene ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia.

"Ndaga fijo," Mama Esta alimnong'oneza Veronika kwa Kinyakyusa, akimkamua mkono. "Asante sana kwa mtoto."

Veronika alijibu kwa mkono. Alijibu sawasawa.

*

Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi, jirani alikuja kurudisha sufuria za harusi. Alipiga hodi mlangoni, kimya. Akapiga tena, akasogeza pazia.

"Kamwene, Mama Eva! Nimedhani hamna mtu humu."

Veronika alikuwa ameketi mezani, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Kwenye kioo cha simu alionekana Eveline, nyuma yake ukuta mpya wa jikoni kule Uyole, mikono yake ikisimulia jambo refu, la haraka, lenye lori na mama mkwe na gunia lililopasuka barabarani. Veronika alikuwa amelipata nusu. Alimwomba arudie kuanzia kwenye lori, safari hii polepole, na bila kugeuka akamwinulia jirani kiganja kimoja.

"Subiri kidogo, mama," alisema. "Tunaongea."